Ila ya Bi Sikudhani

Ipo nchi inaitwa Angazia. Msiitafute kwenye ramani. Siku ramani ilipokuwa inachapwa umeme ulikatika ilipofika zamu yake, na mchapaji akaenda zake nyumbani hajarudi mpaka leo. Lakini nchi ipo, ina bendera, ina wimbo, na ina nguzo za chuma ndefu kuliko za majirani zake wote. Nyaya za nguzo hizo husafirisha umeme kutoka maporomoko ya kaskazini hadi miji ya kusini, siku ambazo umeme wenyewe una nia ya kusafiri.

Mwisho kabisa wa waya, pale ambapo nguzo zimechoka, ndipo ulipo mji wa Kibwegere. Hapo aliishi Bi Sikudhani Mbaruku, mama wa makamo mwenye sauti ya kuamrisha na mashine moja ya kutotolesha vifaranga. Mashine ilikuwa kabati la mbao lenye balbu sita ndani na tundu la kuchungulia. Wanawake wa mji walimletea mayai ya kuku wao, kila mmoja ameyatia alama yake kwa kalamu, naye alitakiwa kuyatunza siku ishirini na moja kwa joto la nyuzi thelathini na saba na nusu, halipandi wala halishuki. Mara ya kwanza umeme ulikatika siku mbili, vikatoka vifaranga vitatu, kimoja chongo. Mara ya pili ulikatika siku nne, hakikutoka kitu. Watu wakaanza kuliita kabati lile jeneza. Mbele yake walisema mashine; akigeuka tu, jeneza.

Bi Sikudhani alisikia, na ilimuuma, si kidogo. Akatangaza sokoni kweupe kwamba atajaribu mara ya tatu, na safari hii mayai yakiharibika atalipasua kabati apikie maharage, asionekane tena anagusa yai la mtu. Yakaletwa mayai mia mbili na arobaini. Wengine walileta kwa imani. Wengine, Mungu awasamehe, walileta ili wapate kushuhudia shoka likifanya kazi.

*

Zamani umeme wa Angazia ulisimamiwa na Wizara, na aliyekosa umeme alimlalamikia Waziri. Waziri akachoka. Akaunda chombo huru kabisa: Mamlaka Huru ya Usimamizi wa Usafirishaji wa Umeme, kwa kifupi MAHUUUU, yenye u nne, na kila u ina ofisi yake.

Iliwekwa huru kwa Waziri ili asiiingilie. Ikawekwa huru kwa wateja ili wasiisumbue. Halafu Mkurugenzi Mkuu wake, Dakta Elinami Kwizombe, msomi mwenye jozi mbili za miwani, moja ya kusomea na nyingine ya kusomewa, akatafakari wiki nzima akagundua kwamba bado kuna doa. Ofisi zenyewe zilikuwa zinatumia umeme!

"Ndugu zangu," aliwaambia watumishi, "msimamizi gani anayekula mezani kwa anayemsimamia?"

Wakakata waya siku ileile, wakafunga jenereta la ukubwa wa nyumba ya vyumba viwili, ili isije ikasemwa kwamba MAHUUUU inaupendelea umeme. Jenereta lile halikuzimwa usiku wala mchana, kwa sababu mtumishi pekee aliyejua kulizima alikuwa amestaafu kwa heshima zote.

Ikabaki kujua kama wateja wameridhika. Wataalamu wakaleta dodoso la maswali themanini na mawili. Dakta Kwizombe akalisoma kwa miwani yake ya kusomea, akasikitika sana.

"Mbona humu hamna hata salamu?" aliuliza. "Sisi ni watu tuliolelewa. Huwezi kumwendea mtu mzima nyumbani kwake, unamkuta ameketi zake, ukamwuliza ameridhika kwa kiwango gani. Atakufukuza na mchi."

Akayafuta yote themanini na mawili, akaandika manne kwa mkono wake mwenyewe: Habari za umeme? Za nguzo? Za nyaya? Hamjambo lakini? Chini yake akaweka agizo kwamba mdodosaji aandike jibu la kwanza tu, kwa kuwa la kwanza ndilo linalotoka moyoni.

*

Mdodosaji aliyepangiwa Kibwegere aliitwa Bwana Nuhu Tindwa, mtu mwema, mwenye tai fupi na viatu vya kutembelea. Alifika kwa Bi Sikudhani siku ya tisa ya mayai. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake. Bi Sikudhani alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati, anapepea jiko la mkaa kwa kifuniko cha sufuria, macho mekundu kwa moshi.

"Hodi hapa!"

"Karibu, baba, karibu ndani. Usijali moshi."

"Ahsante, mama. Habari za umeme?"

"Nzuri, baba."

"Za nguzo?"

"Nzuri."

"Za nyaya?"

"Salama tu."

"Hamjambo lakini?"

"Hatujambo, tunamshukuru Mungu. Ila huu umeme wenu..."

Bwana Tindwa alikwisha funga daftari. Alimshukuru kwa ushirikiano, akapiga chafya mbili kwa ajili ya moshi, akatoka.

Hapa msimlaumu mama wa watu. Mtu wa Angazia nyumba yake inaweza kuwa inaungua nyuma ya mgongo wake. Ukimuuliza habari za nyumbani atakwambia nzuri, ndipo aongeze, ila inaungua. Hawezi kuanza na moto. Atakuwa hana adabu. Habari zenyewe huja baada ya ila, na kila mtu analijua hilo na husubiri. MAHUUUU peke yake ndiyo iliyokuwa na haraka.

Basi Bwana Tindwa alizunguka mji mzima. Fundi Chilumba, mchomeleaji wa mageti, alikutwa amelala juu ya geti ambalo halijamalizika, hana la kufanya. "Habari za umeme?" "Safi kabisa, kaka, ila..." Daftari likafungwa. Bibi mmoja aliyejibu "nzuri sana, mjukuu wangu, sijui wewe" aliingizwa mara mbili.

*

Matokeo yalibandikwa sokoni siku ya kumi na saba ya mayai, Jumapili, yakiwa ndani ya fremu ya dhahabu. Fundi Chilumba akapanda juu ya ndoo akayasoma kwa sauti:

"Wananchi wa Kibwegere, hongereni! Mmeridhika kwa asilimia mia moja na nne, kiwango ambacho hakijapata kufikiwa na binadamu. Kwa kuwa lengo la kusafirisha umeme ni kuleta kuridhika, na kwa kuwa ninyi mmekwisha kuridhika, kuanzia kesho Jumatatu umeme wenu utasafirishwa kwenda kwa wenzenu ambao bado. Zile asilimia nne za ziada mtazirejesha mkipata nafasi."

Watu walipiga makofi. Waliposikia hongereni hawakusikiliza tena. Ni Bi Sikudhani peke yake aliyebaki ameshika kiuno.

"Fundi, hebu rudia hapo pa Jumatatu."

Fundi akarudia. Hata muuza dagaa akaacha kufukuza nzi.

"Makubwa haya!" alisema Bi Sikudhani. "Nani aliyewaambia tumeridhika?"

Wakatazamana. Kila mmoja alikumbuka alichosema, na kila mmoja akaanza kuangalia vidole vyake vya miguu.

Jumatatu asubuhi, saa mbili kamili, balbu sita za kabati zikazimika. Zilibaki siku tatu. Bi Sikudhani aliijua kazi yake: siku za mwanzo jiko la mkaa linaweza kukuvusha ukijitahidi, lakini siku za mwisho kifaranga ameanza kutafuta pumzi ndani ya ganda, na moshi humwua papo hapo. Aliweka sikio kwenye yai moja. Akasikia kitu kinagonga, kidogo sana. Machozi yakamlengalenga, kisha hasira zikamjaa.

"Fundi!" aliita mpaka nyumba ya nne. "Washa pikipiki yako ya mizigo. Mayai haya yanakwenda kwa mwenye umeme."

Akayafunga kwa khanga saba na mablanketi matatu ndani ya matenga mawili, akafunga kipimajoto chake kwenye pindo la khanga, akapanda nyuma akiwa ameyakumbatia. Saa mbili za barabara, na kila shimo alimtukana Fundi Chilumba kwa jina la baba yake.

*

Makao Makuu yalikuwa na ukumbi mkubwa wa baridi, na katikati ya ukumbi ilikuwepo meza pana iliyozungushiwa kuta za kioo na kufunikwa kwa kioo. Ilikuwa Ramani ya Kuridhika. Kila mji ulioridhika uliwekewa balbu, na ukubwa wa balbu ulilingana na asilimia zake. Kibwegere, yenye mia moja na nne, ilikuwa na libalbu la mtindo wa zamani, la kutoa joto, kubwa kama papai. Kibwegere yenyewe ilikuwa giza tororo, lakini kwenye ramani iliwaka usiweze kuitazama.

Mapokezi alikaa Dada Stamili, mwenye kucha ndefu na kitabu cha kanuni.

"Karibu mama. Habari za safari?"

"Nzuri, mwanangu. Ila nimekuja MAHUUU..."

"Umetaja u tatu, mama. Hiyo ni taasisi nyingine, inashughulika na magunia."

"MAHUUUU!" Bi Sikudhani akavuta mpaka pumzi ikamwishia. "Nimekuja kusema sijaridhika."

"Kutoridhika ni ghorofa ya kwanza. Lakini mizigo haipandi ngazi, na hapa sakafuni hairuhusiwi."

"Sasa niiweke wapi, mwanangu? Hii ni roho za watu."

Dada Stamili akafunua kitabu. "Kanuni ya kumi na moja. Mzigo wa mteja utawekwa katika eneo la mteja. Eneo lako ni wapi?"

"Kibwegere."

"Basi weka Kibwegere."

Bi Sikudhani alitaka kumjibu vibaya. Kisha akatazama ramani. Akaitazama tena. Akafungua kile kioo cha juu, akafungua pindo la khanga, akaweka kipimajoto chini ya lile libalbu, akasubiri. Nyuzi thelathini na saba na nusu. Kabati lake mwenyewe halijapata kutulia namna ile.

Akaanza kuyapanga mayai taratibu, bismillahi kwa kila moja. Yakaijaza Kibwegere, yakavuka mto wa rangi ya samawati, yakaingia wilaya mbili za jirani. Dada Stamili alihoji kidogo kuhusu mipaka, lakini kanuni haikusema lolote juu ya mzigo kumwagika. Bi Sikudhani akaomba kikombe cha maji, si cha kunywa, akakiweka ndani ili hewa isikauke. Akafunika kioo, akaacha upenyo wa kidole.

*

Ghorofa ya kwanza kulikuwa na meza nne, moja kwa kila u. Kwenye ya kwanza alikaa bwana mwenye upole wa kupita kiasi. Aliinuka, akampa kiti, akatabasamu.

"Habari za nyumbani, mama?"

"Nzuri, baba, ila..."

"Nzuri," aliandika yule bwana, akagonga muhuri. "Tunashukuru kwa kuridhika tena. Asilimia zenu zinapanda."

"Ngoja kwanza! Hiyo ilikuwa salamu!"

"Ndilo jibu la kwanza, mama. Linatoka moyoni."

Meza ya pili, hivyohivyo. Jumanne akarudi, ya tatu, hivyohivyo, na kibaya zaidi, Kibwegere ikafika mia moja na saba. Bi Sikudhani akajua sasa adui yake yuko wapi. Yuko kinywani mwake. Akaingia msalani, akasimama mbele ya kioo, akafanya mazoezi.

"Habari? Mbaya. Habari za nyumbani? Mbaya. Mbaya kabisa. Mbaya hazisemeki."

Mwanamke mmoja aliyekuwa ananawa akamshika bega. "Pole, dada. Nani amefariki?"

Jumatano akaingia meza ya nne akiwa amekaza meno, nzuri isipite. Mzee wa pale, mvi tupu, akanyanyua uso. "Mwanangu! Hujambo? Habari za tangu asubuhi?"

Basi jamani, mzee wa watu, na mvi zile! Bi Sikudhani akafungua mdomo, akasema "M..." Jasho likamtoka. Akamwona marehemu mama yake amesimama pembeni na mwiko. "M... marahaba! Aah, shikamoo, baba. Nzuri."

Muhuri ukagongwa. Alishuka ngazi analia kwa hasira, akaketi karibu na ramani, akapachika sikio kwenye kioo. Tak, tak, ndani ya maganda. Akawaambia vifaranga kwa sauti ndogo wasimwonee haya, wao wafanye kazi yao, yeye yake imemshinda.

*

Alhamisi ilikuwa siku ya ishirini na moja, na pia ilikuwa siku ya sherehe. Walikuja wajumbe wa Shirika la Kimataifa la Kuridhika, wenye suti na kamera, kuitazama nchi ambayo watu wake wameridhika kupita mia. Dakta Kwizombe alivaa miwani ya kusomewa, akasimama nyuma ya ramani, bila kuitazama, kwa kuwa alikuwa anaijua.

"Waheshimiwa wageni! Kuridhika si ajali. Kuridhika ni mfumo! Wapo wanaosafirisha umeme. Sisi tumevuka hapo. Sisi tunasafirisha utulivu wa nafsi, kwa msongo mkubwa, bila kupotea njiani hata tone! Na chimbuko la utulivu huo ni Kibwegere. Nikisema Kibwegere, nawasikia wananchi wake wakiniitikia..."

"Pio," ikasikika.

Dakta akakigonga kipaza sauti chake kwa kidole.

"Pio pio. Pio pio pio."

Yai la kwanza lilipasuka palepale penye jina la mji. La pili likafuata, halafu kumi, halafu ukawa mvurugano. Vifaranga vilitoka vimelowa, vikakauka kwenye balbu, vikaanza kutembea. Vingine vilisimama juu ya vijinguzo vya plastiki vya ramani. Kimoja kilinya juu ya Makao Makuu. Wajumbe wakapiga makofi kwa nguvu, wakiamini kwamba ni sehemu ya maonyesho, na mkuu wao akasema hajapata kuona takwimu zenye uhai namna hii.

"Vya nani hivi?" Dakta Kwizombe alinong'ona.

"Vya Kibwegere," alijibu Dada Stamili, "na viko Kibwegere. Kanuni ya kumi na moja."

Dakta hakuwa mtu wa kupoteza fursa. Alimwona mama aliyekuwa anahesabu kwa kidole na machozi yanamtiririka, akamletea kipaza sauti mdomoni.

"Na huyu hapa mteja mwenyewe! Mama, waambie wageni. Habari za umeme?"

Bi Sikudhani alikuwa amefika mia mbili na kumi na moja. Akatazama kipaza sauti. Akatazama mikono ya Dakta: haikuwa na kalamu, haikuwa na daftari, haikuwa na muhuri. Akakipokea kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Nzuri," alisema.

Wajumbe wakaanza kupiga makofi.

"Ila," alisema Bi Sikudhani, na hakukiachia.

Alisema ila kwa dakika arobaini. Alianza na jeneza, akaja kwenye jiko la mkaa, akataja siku umeme uliporudi kwa nguvu ukaunguza pasi ya jirani, akataja nguzo iliyoegemea msikiti tangu mvua za mwaka juzi, akamtaja Fundi Chilumba na geti lake. Mara mbili Dakta alinyoosha mkono kudai kipaza sauti, na mara mbili kifaranga kilikuwa kiganjani mwake, kwa kuwa Bi Sikudhani alikuwa anamkabidhi amshikie. Wajumbe waliandika mpaka karatasi zikawaishia. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi, na alijisikia mwepesi kama mtu aliyetua tenga.

*

MAHUUUU ni chombo sikivu, hilo lazima tuseme. Wiki ileile dodoso likarekebishwa, pakaongezwa kisanduku kilichoandikwa ILA, na ikaamriwa kwamba fomu yoyote isiyo na ila ni batili. Kibwegere ikatangazwa kuwa haijaridhika, na kwa kuwa umeme hupelekwa kwa wasioridhika, umeme ukaja. Ukaja wote. Nguzo ikainuliwa kutoka msikitini. Geti la Fundi Chilumba likamalizika. Wanawake walivichukua vifaranga vyao mia mbili na kumi na tisa, kila mmoja akidai anakitambua chake kwa sura, na tangu hapo hakuna aliyetamka jeneza. Waliosema zamani wakaapa kwamba walikuwa wanasema jenereta.

Baada ya miezi mitano Bwana Tindwa alirudi, tai ileile.

"Habari za umeme, mama?"

"Nzuri, baba."

Akasubiri, kalamu juu ya kisanduku. Bi Sikudhani naye akasubiri. Ndani ya kabati balbu sita zilikuwa zinawaka vizuri kabisa.

"Ila?" Bwana Tindwa alimsaidia.

"Hamna ila. Nzuri tu, baba, kweli nakwambia."

Bwana Tindwa akatazama mlangoni, akainama, akashusha sauti. "Mama, nakuomba. Ukiridhika unajua kitakachotokea."

Bi Sikudhani akalitazama kabati. Mayai mia tatu, siku ya kumi na mbili. Akafikiri haraka, hajapata kufikiri hivyo tangu azaliwe.

"Andika hivi. Nzuri, ila unawaka mno, jogoo wangu anawika saa nne usiku."

"Ahsante sana, mama," alisema Bwana Tindwa, akaandika, akatoka anafuta jasho.

Hazikupita dakika tano, Fundi Chilumba akaingia mbio kwa mlango wa uani, miwani ya kuchomelea bado kichwani, anahema.

"Dada Siku! Yule bwana yuko kwangu ananingoja, na mimi nimetafuta nyumba nzima sina ila hata moja. Niazime."

Bi Sikudhani akafikiri kidogo. "Chukua ya jogoo."

"Sina jogoo, dada."

"Basi sema wa jirani anakusumbua," alisema Bi Sikudhani, akarudi kuchungulia kabati lake. "Lakini uirudishe mapema. Akija tena naihitaji."